Sakafu Iliyobaki Kambini

Mama yangu hajui kukaa. Nasema hivi kwa upendo na kwa hasira pia, maana ni mimi ninayeishi naye huku Gudele, mtaa wa Juba, na ni mimi ninayeamshwa kila asubuhi na kelele za viti. Kiti cha mlangoni anakipeleka chini ya mwarobaini, cha chini ya mwarobaini anakileta mlangoni, kisha anasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akitazama upande ambako mto uko. Kutoka kwetu mto hauonekani hata ukipanda juu ya tangi la maji. Majirani wakadhani tuna mgonjwa. "Haboba anamsubiri nani?" wakawa wananiuliza; haboba, yaani bibi, ndivyo wanavyomwita mama. Hakuwa anamsubiri mtu. Alikuwa anasubiri karama.

Karama, hapa Juba, ni ile siku ya kuwaita watu, kuchinja, kupika na kusali ili matanga yafungwe na marehemu aachwe apumzike. Bibi yangu, mama yake mama, alifia kwenye kisiwa kilichoko katikati ya Nile, hapa hapa mbele ya mji, wakati sisi tuko Kenya kambini na vita vimeziba njia zote. Habari ya kifo ilitufikia ikiwa imechoka, kupitia mtu aliyesikia kwa mtu mwingine. Tulilia siku hiyo, kesho yake tukaenda kupanga foleni ya mahindi. Hayo hayakuwa matanga.

Na kwa watu wa upande wa mama, matanga ya mwanamke hayafungwi hivi hivi. Lazima binti yake asiribe upya sakafu ya nyumba ya marehemu kwa mikono yake mwenyewe. Udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, majivu, maji. Si mkwe, si mjukuu, na usithubutu kumtaja fundi wa simenti. Binti anapiga magoti kwenye ukuta wa nyuma, anasiriba akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na akishatoka, basi, khalas, mama yake ametoka naye.

Sasa niambie, nyumba yenyewe iko wapi? Siku zile tulipokimbia, askari waliokuwa wameushika mji waligeuza kisiwa kuwa kambi ya kulinda mto, ili wapiganaji wa porini wasivuke usiku kuingia mjini. Wakawafukuza wakazi, wakachimba mahandaki, wakaweka mizinga. Wote waliondoka. Bibi akabaki. Hilo ndilo lililokuwa jipu la familia yetu, na kila mtu aliligusa kwa namna yake. Watu wa kisiwani walisema alibaki kwa sababu alikuwa anawapikia askari, na maneno kama hayo yakishasemwa hata mtu wa kuyaosha hayupo. Mama alikuwa na lake. Siku tuliyokimbia, alimsihi mama yake tuondoke wote, bibi akajibu, "Na nyumba nimwachie nani?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

"Alichagua matope," mama alikuwa anatuambia kule Kenya. "Mimi na watoto wangu tuko mlangoni, yeye akachagua matope." Alikuwa akilisema hilo huku anafua, huku anachambua maharagwe, huku ananisuka, mpaka nikawa namchukia bibi nisiyemkumbuka hata sura. Halafu tukarudi Juba, na mwanamke huyo huyo aliyenifundisha kumchukia bibi ndiye asiyepata usingizi kwa sababu bibi hajasiribiwa.

Mwenye kauli juu ya mambo ya kisiwani alikuwa mjomba, mdogo wake mama, tumbo moja. Anaishi huko hadi leo. Analima bamia na kudra, ile mboga inayoteleza, na kanisani kwao ndiye anayesoma matangazo. Alipigana porini, mguu wake mmoja unaburuta kidogo, watu wanampisha njia. Mama alimwita Gudele tupange karama. Akaja na mfuko wa bamia, akanywa chai mpaka mwisho, ndipo akafungua mdomo. Wao wawili huzungumza kwa lugha yao, lakini siku hiyo alikitumia Kiswahili chake cha Uganda, makusudi, ili mimi, ninayeielewa lugha yao ila siisemi, nisijidai sikusikia.

"Dada, wacha. Mimi iko nasema mara moja tu. Mama alikaa na askari, alipikia askari. Watu kisiwani iko nakumbuka. Wewe nachinja ng'ombe, watu nakataa kukula, utaficha uso wapi?"

"Si ni mama yako pia?" mama akamuuliza.

"Iko mama yangu. Lakini wacha."

Mimi nina ulimi, wateja wangu wananijua, lakini kwa mjomba niliumeza. Nilisimama pale na birika mkononi, nimejaa hasira. Mtu anakataa kumfungia mama yake mwenyewe matanga, kisha anaomba sukari iongezwe! Alipoondoka, mama hakulia. Akaanza tena kuhamisha viti.

Kesho yake niko dukani Malakia, cherehani imenishika, nguo za wasimamizi wa harusi zinangoja mikono, mara raksha, bajaji ya hapa, inasimama mlangoni. Mama anashuka. Ana ndoo, dumu la maji, jembe dogo na gunia linalonuka kuliko choo cha soko.

"Mama, hiyo nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Umebeba mavi kutoka Gudele mpaka hapa? Kisiwani hakuna ng'ombe?"

"Ya kwao siyajui," akasema. "Funga duka."

Jaribu kubishana naye. Nilifunga duka. Dereva wa raksha alitupeleka mpaka kwenye gati la mitumbwi huku ametoa kichwa nje, nami sikumlaumu. Kwenye mtumbwi wa injini watu walijipanga upande mmoja, sisi tukaachiwa mwingine, mpaka nahodha akapiga kelele kwamba tutapinduka. Mama hakusikia lolote. Alikuwa amesimama, na kwenye mtumbwi watu hawasimami. Nilimshika upindo wa lawa yake, ile shuka anayofunga begani, nikamshikilia hivyo mpaka ng'ambo.

Nilidhani kambi ya vita itakuwa kitu cha kutisha. Kumbe imekuwa shamba. Mahandaki yapo bado, yanakwenda yakijipinda kando ya mto, lakini yamejaa matope, na ndani yake watu wamepanda kudra kwa sababu unyevu unakaa. Mapipa ya mafuta yaliyojazwa mchanga kuwa ngome yameoza upande mmoja, mchanga umemwagika, kuku wanaoga humo. Pale ulipokaa mzinga kuna duara la zege, na juu yake mwanamke alikuwa ameanika bamia. Watu wa kutegua mabomu walishapita zamani, mawe yao yenye rangi nyeupe watu wameyafanya mafiga. Nilisikia raha kidogo kuona hivyo. Mama hakuona raha yoyote. Alipita katikati ya vitu hivyo vyote kama mtu anayetafuta kiatu chake kwenye mlango wa msikiti.

"Mlango ulitazama maji," akawa anajisemea. "Kulikuwa na mkwaju. Ukitoka, mkwaju uko mkono wa kulia."

Mikwaju ilikuwa imekatwa yote, wanajeshi hawapendi kitu kinachowazibia macho. Tulizunguka mpaka jua likapanda. Aliingia kwenye kila shimo, akapekua kila rundo la matofali, nami nyuma yake na gunia, nikisema mama tupumzike, mama kunywa maji, na yeye anasonga tu. Nilianza kuchemka. Nikawaza nguo za harusi, nikawaza ndugu zangu walioko ughaibuni ambao hawabebi mavi ya ng'ombe, kazi yao kutuma emoji za kulia tu. Nikaketi chini ya kivuli nikaapa sitaongeza hatua.

Ndipo nikasikia ananiita. Hakuniita kwa jina langu, aliniita "Mama", kama anavyoniita akiwa mgonjwa.

Alikuwa kwenye sehemu iliyoinuka, mahali maji ya mafuriko hayafiki. Kulikuwa na ukuta wa tofali uliobaki kimo cha goti, pembe nne, na mwanya wa mlango unaotazama mto. Mabati ya paa yalikuwa yameanguka kitambo, udongo na nyasi vikayafunika. Mama alikuwa ameinua bati moja lililokwisha kuwa la kutu tupu, na chini yake palikuwa na sakafu. Kipande tu cha mlangoni kilichokuwa bado kizima, lakini kilikuwa laini, cheusi, na juu yake kumechorwa nusu-duara zilizopandana, safu juu ya safu, zilizochorwa kwa vidole.

Labda wewe hujakulia kwenye nyumba ya udongo, basi nikuambie. Kila mwanamke anamaliza sakafu kwa namna yake. Kuna anayevuta mistari, kuna anayezungusha kiganja. Kule kambini Kenya ungeweza kuingia nyumba isiyo na mtu ukajua ni nani aliyesiriba. Mama anasiriba kwa nusu-duara, nami pia, ingawa sasa nina vigae, kwa sababu ndivyo mikono yetu ilivyofundishwa.

"Ni yeye," mama akasema. "Tazama. Huyu ni yeye kabisa." Akapiga kigelegele peke yake, katikati ya bamia za watu, na mimi nikasahau hasira zote nikamjibu. Tuliondoa mabati. Tulifagia kwa matawi. Nikamchotea maji, akachanganya udongo na mavi yake ya Gudele, akakunja lawa, akapiga magoti kwenye ukuta wa nyuma. Sijawahi kuona mikono yake ikienda taratibu vile. Mtu huyu ambaye chai anainywa amesimama alikuwa akisiriba shibiri kwa shibiri, anarudi nyuma kidogo, anasiriba tena, na midomo inaongea na mama yake maneno ambayo sikuyasikia wala sikutaka kuyasikia.

Alikuwa amekaribia mlangoni, kile kipande cha zamani amekiacha mwisho, nilipomwona mjomba. Nadhani watu wa mashambani walimpelekea habari. Alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya mama, mama hamwoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Toka humo," akasema kwa lugha yao. Nitayaandika maneno yao kwa Kiswahili changu.

Mama akageuza shingo. "Karibu nyumbani kwa mama."

"Dada, toka humo. Hiyo si nyumba ya mama. Nyumba ya mama ilikuwa kule." Akaelekeza kidevu mtoni, kwenye maji matupu. "Kingo zilimeguka mwaka wa mafuriko. Mto ulikula nyumba, ukala na kaburi lake. Hapo ulipopiga magoti ni seli. Seli ya askari."

Nilimtazama mama. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Mtu amesubiri miaka yote hiyo, akabeba gunia mpaka ng'ambo, kumbe amewasiribia askari jela yao!

Lakini mama hakuinuka. Alikuwa ametazama kile kipande cha zamani.

"Mkono huu siujui?" akauliza. "Hata ukinifumba macho, nikipapasa nitaujua. Huu ni mkono wa mama. Sasa niambie wewe uliyekuwepo. Mkono wa mama ulikuwa unafanya nini kwenye seli ya askari?"

 Lisemwalo lipo, ndivyo wasemavyo, na hapa lilikuwepo, limechorwa vizuri kwa vidole, wala huwezi kusema ni uzushi wa majirani. Nikasogea nimwinue mama nimwondoe pale. Mjomba alinitazama, na nikajua anataka niondoke mimi. Sikuondoka.

Mjomba akamgeukia mama. Kisha akaonyesha pembe ya nyuma, ile ambayo udongo wake ulikuwa bado unang'aa.

"Mimi nilikuwa nalala pale," akasema.

"Ulikuwa unalala wapi?"

"Pale. Walinikamata jioni, ukingoni, na nyavu zangu. Wakasema napeleka habari porini. Wewe ukaondoka asubuhi yake."

"Uongo," mama akasema. "Mama aliniambia umetangulia na vijana wenzako. Alisema nitakukuta mpakani."

"Ndivyo alivyokuambia."

"Kwa nini hakuniambia ukweli?"

"Angekuambia, dada, ungeondoka?"

 Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama asubuhi ile, dada yangu ameshikwa mkono. Namjua mama yangu. Asiyejua kukaa, siku hiyo angekaa. Angeketi mbele ya kambi ile na watoto wake wawili mpaka wamrudishie mdogo wake, au watumalize sote. Na bibi naye alimjua bintiye. Ndiyo maana akasema habari ya nyumba, akafunga mlango.

Mjomba aliendelea kwa sauti ya kusoma matangazo, kama kwamba ni habari za mtu mwingine. Bibi alikwenda kwa mkubwa wa kambi akajitolea kupika. Akamwambia seli yao imejaa funza, na isiposiribwa kila wiki, funza hao watahamia miguuni mwa askari wenyewe. Wakamruhusu. Kila wiki alikuja na ndoo ya udongo, askari mlangoni ameziba pua kwa harufu ya mavi, na chini ya udongo kulikuwa na asida, ugali wetu, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Alisiriba huku amempa mgongo askari, na mwanawe anakula kwenye kivuli cha mgongo huo.

"Nilikuwa nakula asida yenye mchanga," mjomba akasema. "Hatukuongea. Siku nyingine alinigusa mguu tu, kama anaondoa uchafu."

Walipomwachia, alivuka akaenda porini. Huko alikuta wenzake wana utani juu ya mwanamke wa kisiwani anayewapikia maadui. Alicheka nao. Hakuwaambia ni mama yake, hakuwaambia alifungwa. Bibi akafa yeye akiwa mbali. Vita vikaisha, akarudi, akawa mtu wa heshima, na kila mwaka uliopita ukafanya neno lile kuwa zito zaidi kulitoa.

"Nimewaambia watoto wangu alichagua matope," mama akasema polepole. "Nimewalea kwa neno hilo." Halafu akamgeukia. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Jana, Gudele, unakunywa chai yangu, unaniambia nitaficha uso wapi. Ulijua."

"Nilijua, dada. Malesh."

Malesh! Yaani samahani, neno unalomwambia mtu uliyemkanyaga sokoni. Nilikuwa na maneno, Mungu ananijua, nilikuwa na maneno ya kumtoshea yeye na wajukuu zake. Mama akaniinulia kiganja chenye udongo, nikayarudisha kooni.

Akainuka. Nikamshika mkono. Akatoka nje ya mlango, akiacha kile kipande cha zamani bila kukigusa, akasukuma ndoo kwa mguu mpaka ikagonga mguu wa mjomba.

"Ingia umalizie."

"Dada, hii ni kazi ya binti."

"Binti yake alikuwa Kenya. Ingia."

Mjomba akatazama nyuma yake. Wanawake wa mashambani walikuwa wamesogea, majembe mabegani, na wanaume wawili wa kanisani kwake. Wote walikuwa wanamtazama. Akavua kofia, akakosa pa kuiweka, akanipa mimi. Akapiga magoti, ule mguu mbovu ukabaki umenyooka pembeni, akatia mikono kwenye ndoo. Mwanamume hajawahi kushika udongo wa sakafu, alikuwa anaumwaga kama anayelisha kuku. Mama akasimama juu yake, hakusogea, wala mikono hakuiweka kiunoni.

"Weka kiganja chote," akamwambia. "Vuta kuja kwako. Hapo umeacha shimo."

Mwanamke mmoja, yule wa bamia, akashindwa kuvumilia. "Mzee, unafanya nini humo?"

Mjomba akajibu kitu akiwa ameinama, midomo karibu na udongo. Mimi niliyekuwa karibu nilisikia.

"Hawajasikia," mama akasema. "Sema tena."

Akainua uso. Machozi na mavi ya ng'ombe vilikuwa vimechanganyika mashavuni, na kwa sauti ile ile anayosomea matangazo, akasema mpaka walioko mahandakini wakainua vichwa, "Namsiribia mama yangu. Nilifungwa humu, yeye akanilisha."